Tupeane uzoefu: mliowahi kuingia Palazzo Pubblico (jumba la serikali ya mji) ya Siena, Italia

Wadau, mwezi ujao nitakuwa Florence kikazi. Nasikia michoro ya ukutani ya Siena ni balaa. Mliofika, inafaa kuitengea siku nzima?

mzee_wa_reli: Inafaa, mkuu. Jengo linatazama uwanja wa Piazza del Campo, na hadi leo manispaa imo humo. Chumba chenyewe ni Sala dei Nove, cha baraza la watu Tisa waliotawala mji 1287 hadi 1355. Zamu yao ilikuwa miezi miwili, wakila na kulala humo humo. Ambrogio Lorenzetti akawachorea kuta tatu, 1338 hadi 1339: utawala mwema na utawala mbovu. Wakiwa kikaoni hawana pa kukwepeshea macho, labda wachungulie dirishani.

Seremala wa Mwembeni: Mimi nilinasa kwa Concordia, yaani Maelewano aliyechorwa kama mtu, sawa na Haki na wengine. Mama wa watu amekaa na randa mapajani! Kamba inashuka kutoka kwenye mizani ya Haki, anaipokea, kisha raia 24 wanaishika kwa foleni hadi kwa mzee mkubwa aliyevaa rangi za Siena, nyeusi na nyeupe. Randa ile ni ya kumsawazisha anayejiona mrefu kuliko wenzake. Mlinzi alishaanza kunitupia jicho, nimeganda pale.

bi_shangwe: Usiuruke ukuta wa ubaya, ingawa plasta imebanduka vibaya. Dhalimu ana pembe, mbuzi yuko miguuni pake, na chini Haki amefungwa kamba. Mwanangu alitaka tuondoke, mimi sikubanduka.

Kobe Mtalii: Jamani tusipambe kupita kiasi. Upande wa utawala mwema kuna mabinti wanacheza, mafundi wako juu ya jukwaa wanajenga, mtu anaswaga nguruwe mweusi mwenye mkanda mweupe. Safi. Halafu tazama juu ya lango: Usalama anaelea na mti wa kunyongea mkononi, mtu ananing'inia! Mimi nilikaa zaidi ukumbi wa jirani, kwenye Maestà (Bikira Maria kwenye kiti cha enzi) ya mchoraji Simone Martini ya 1315.

bi_shangwe: @Kobe Mtalii kwani wewe ulitaka majambazi wapewe chai?

mzee_wa_reli: 😂 Mkuu, ukitokea Florence panda basi, linakushusha karibu na mji wa zamani. Stesheni ya treni iko bondeni. Na mnara wa jengo hilo, wa Mangia, una ngazi zipatazo 400, nyembamba; magoti yakisumbua, achana nao.