Mteja anasema "ni kitu kidogo tu" kila wiki: wigo wa kazi unadhibitiwaje?

Mshona Programu aliuliza:

Wakuu, salaam. Natengeneza programu peke yangu, sina kampuni. Nina mteja mwenye maghala matatu. Tulikubaliana nimtengenezee mfumo wa stoo: kupokea mzigo, kutoa mzigo, kuona kilichobaki, na ripoti moja ya mwezi. Wiki kumi. Leo ni wiki ya kumi na saba.

Wiki ya tatu alipiga simu: "Kijana, stakabadhi haiwezi kutoka na nembo yetu? Ni kitu kidogo tu." Nikaiweka, nusu saa imeisha. Wiki iliyofuata akataka mhasibu akiingia aone bei, asiweze kugusa idadi. Kidogo tu. Hapo ikabidi nibomoe namna watu wanavyoingia kwenye mfumo, maana mwanzo kila aliyeingia aliona kila kitu na kubadilisha kila kitu. Siku tisa zikaenda. Ukaja ujumbe wa simu mzigo ukikaribia kuisha, ikaja kuskani bakodi. Sasa anataka madereva nao wawe na programu yao.

Mkataba ni ukurasa mmoja na unasema "mfumo kamili wa kusimamia stoo". Hilo neno "kamili" niliandika mimi mwenyewe, nililiona linapendeza. Ndilo ananisomea kila nikilalamika.

Nusu ya malipo nimeshakula, nusu inasubiri makabidhiano. Nikikataa, atasema sijamaliza. Nikikubali, sijui nitamaliza lini. Mnafanyaje?

Mkadiriaji alijibu:

Pole, mkuu. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na "kidogo tu" kwetu huja kwa sura ya dirisha. Ukuta umeshafika usawa wa linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), mwenye nyumba anasimama katikati ya chumba na kusema dirisha lisogee kidogo kulia. Fundi mgeni analisogeza. Fundi mzoefu anatoa karatasi: badiliko namba 4, tunabomoa hapa, tunajenga pale, siku kadhaa, gharama kadhaa, weka sahihi. Ajabu ni kwamba madirisha mengi hugundulika palepale kuwa yapo mahali pazuri tu.

Lakini kosa lako ni la kabla ya simu ya kwanza: ulianza kujenga bila mchoro. Na si wewe peke yako. Jumba la opera la Sydney lilianza kujengwa mwaka 1959, michoro ya paa ikiwa haijakamilika. Baadaye nguzo za chini zilionekana haziwezi kubeba paa, zikajengwa upya. Mitambo ya jukwaa iliyokwishafungwa kwenye ukumbi mkubwa nayo iling'olewa, kwa sababu matumizi ya ukumbi yalibadilishwa kazi ikiendelea. Makadirio yalikuwa dola za Australia milioni 7. Lilifunguliwa mwaka 1973 kwa milioni 102. Leo watu wanapigia picha pale, sawa, ila wewe mteja wako si serikali.

Bi Ratiba alijibu:

Mshona, "kamili" haipimiki. Andika upya kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyajaribu: "Mtunza stoo anaingiza mzigo wa aina ishirini, anachapa stakabadhi, na idadi inabadilika bila kufungua upya ukurasa." Likitendeka mbele yake, anatia alama. Likishindikana, unarudi kazini. Hakuna kubishana.

Halafu andika yasiyokuwemo. Watu wanaona aibu kuandika orodha hiyo, wanadhani itamkimbiza mteja, kumbe ndiyo inayowaokoa. Umesema skrini tu. Nani anahamisha kumbukumbu za zamani kutoka kwenye madaftari? Nani anafundisha watunza stoo wa maghala matatu? Hizo hazionekani kwenye programu lakini ni siku za mtu. Gawanya kazi vipande mpaka kila kimoja uweze kukikadiria bila kubahatisha, na vipande vyote vikijumlishwa viwe kazi yote, bila pungufu wala ziada.

Na maombi yaliyokwishapita yaandike yote, tarehe na siku zilizotumika, hata ile nusu saa ya nembo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku zako ni mali.

Swali moja, jibu kwa ukweli: hakuna ulichoongeza mwenyewe bila kuombwa?

Mwagizaji alijibu:

Mimi nitasema kutoka upande wa pili, maana mara nyingi ni mimi ninayepiga hizo simu. Mteja hajui anachotaka mpaka akione. Nilipoona mfumo wa kwanza niliolipia, ndipo nikakumbuka kwamba nina mhasibu! Huo si ujanja.

Sasa angalia ulichofanya. Umetumia siku tisa kimya kimya, ukamletea kazi imekamilika, bila neno. Yeye akajifunza nini? Kwamba kweli ilikuwa kidogo. Mimi ningeambiwa "hii ni siku tisa, na tarehe ya makabidhiano inasogea", pengine ningesema mhasibu asubiri awamu ya pili. Hukuniuliza.

Na hizo karatasi za Mkadiriaji ni nzuri, ila ukiniletea fomu ya sahihi kwa ajili ya nembo, nitatafuta mtu mwingine.

Mkadiriaji alijibu:

Hapo nakubali, ndugu. Wekeni kiwango: chini ya saa mbili inaandikwa tu, zaidi ya hapo sahihi.

Mshona Programu alirudi:

Wakuu, nimetoka kwake. Nilikaa usiku nikahesabu: maombi 11, siku 31 za kazi. Bi Ratiba, umenishika. Siku nne nyingine ni za michoro ya grafu niliyoiweka mwenyewe. Nimeangalia, hakuna aliyewahi kuifungua.

Nilimpa karatasi, akasoma kimya, kidole kikasimama mstari wa mhasibu. "Siku tisa? Mbona hukusema?" Sikuwa na jibu.

Tumeandika mambo saba ya kujaribiwa siku ya makabidhiano. Ujumbe wa simu ameufuta mwenyewe, anasema watunza stoo wake wanapigiana hata hivyo. Bakodi inabaki, kwa nyongeza ya malipo, si yote niliyotaka. Madereva ni mkataba mwingine, tukimaliza huu. Siku za mhasibu nimezimeza mimi.

Nikiwa mlangoni akaniita: kitufe cha kuhifadhi hakiwezi kuwa cha kijani? Nimeandika: ombi namba 12, dakika mbili.