Biro ya watu tisa, vyumba viwili, saloni na barza: nipange namna gani?

Mama wa Dosie

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, upande wa Kampemba. Nina biro ndogo ya kazi za forodha na hesabu, watu tisa na mimi ndani. Tunapanga nyumba ya zamani ya matofali: saloni ya mita 6 kwa 5, vyumba viwili nyuma, jiko, na barza ndefu mbele inayotazama mwembe.

Kazi zetu hazifanani hata kidogo. Watatu wako kwenye simu toka asubuhi mpaka giza, wanafuata malori mpakani, Kasumbalesa: huyu amefika parkingi, yule karatasi yake inakosa muhuri. Dereva haongei, anapiga kelele, na wewe unayemjibu unapiga kelele vilevile, shauri ya injini inayonguruma nyuma yake. Wawili ni wahesabu. Mmoja anachora plani za nyumba kwenye kompyuta. Kijana mmoja anatafsiri mikataba toka Kifaransa. Huyo, mtu akiongea Kiswahili karibu naye, anajikuta ameandika maneno ya yule mtu ndani ya mkataba. Anaapa ilishampata. Mmoja anatembeza karatasi mjini, anakuja kunywa maji tu.

Mwezi wa pili niliona video ya biro za Ulaya ambamo hakuna mwenye meza yake, kila mtu anakaa pale kazi ya siku hiyo inapomtaka. Nikasema, na sisi pia. Niliuza meza za zamani, nikafanyiza meza moja ya mita 4, nikaiweka katikati ya saloni.

Wiki ya kwanza ilikuwa sikukuu. Wiki ya pili mhesabu wetu mkubwa, mama mtu mzima, akaanza kufika saa kumi na mbili asubuhi ili akamate kiti cha karibu na prizi. Betri yetu inalisha prizi nne tu. Umeme ukikatika tunajikuta wote kona moja kama kuku waliokimbia mvua. Kwa kweli betri njo ilipanga biro, siyo mimi. Halafu tarehe 14, siku moja kabla ya kutangaza TVA, ile kodi ya ongezeko la thamani, dosie ya lori moja ikapotea. Tuliitafuta saa mbili nzima. Ilikuwa chini ya sahani ya bukari. Duara ya mafuta ya sombe ilikaa juu ya namba ya lori, safi kama muhuri.

Sasa nifanye nini? Nikate saloni vijumba vidogo vya tripleksi, zile mbao nyembamba? Ao nirudishie kila mtu meza yake? Pesa ni kidogo, na mwenye nyumba hataki nijenge wala nibomoe.

Fundi Randa

Mama, tripleksi usiweke. Nimeipigilia katika biro nyingi hapa mjini na kila mara wananiita tena: "Fundi, mbona tunasikia kila kitu?" Ile ni pazia la mbao. Sauti inapita juu, inapita chini, na ubao wenyewe ni mwepesi, unatetemeka nayo. Kinachozuia sauti ni uzito, na wewe uko na matofali tayari.

Fanya hivi. Washa redio katika chumba cha nyuma, funga mlango, kaa saloni. Ukisikia mtu anaongea lakini hushiki maneno, chumba kinatosha. Ukishika maneno, usikimbilie ukuta, inama uangalie chini ya mlango. Pale kidole kinapita, sauti inapita mzima. Kata mpira wa tyubu ya zamani, upigilie chini ya mlango, mwisho wake uguse sakafu. Dakika kumi.

Ile meza ya mita 4 naweza kuikata mbili na kuongeza miguu. Magurudumu weka kwenye kabati tu. Meza ya mtu anayeandika ikiwa na magurudumu itamkimbia.

Kona ya Plani

Salamu kutoka Bukavu. Nachora majengo, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mama wa Dosie, hukukosea peke yako. Mwisho wa miaka ya 1950 ndugu wawili Wajerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, waliondoa kuta za biro na kupanga meza kwa kufuata njia ya karatasi: nani anampa nani. Miaka ya 1960 Robert Propst, Mmarekani wa kampuni ya Herman Miller, akatengeneza fanicha za kuhamishika. Kulikuwa na meza ya kufanyia kazi umesimama, na vipande vya kuta vya kufungua kama mbawa. Alitaka mfanyakazi ajipangie mwenyewe. Wenye kampuni walivinunua vile vipande, wakavifunga pembe mraba ili waingize watu wengi, vikazaliwa vile vizimba vya biro tunavyoona kwenye sinema. Propst mwenyewe alivichukia.

Halafu miaka ya 1990 kampuni ya matangazo Chiat/Day, Los Angeles, ikafanya kama wewe: hakuna meza ya mtu, asubuhi unaazima simu na kompyuta. Watu wakageuza buti za gari kabati za dosie. Mmoja alikuwa anavuta vitu vyake katika kitoroli cha mtoto. Waliacha.

Mwaka wa 2018 Bernstein na Turban walitoa utafiti juu ya kampuni mbili kubwa zilizoondoa kuta. Maongezi ya uso kwa uso yalipungua kwa karibu asilimia 70, watu wakahamia kuandikiana. Mtu akiona anatazamwa na wote, anajijengea ukuta wake.

Kwako naona barza. Kwa nini watu wa simu wako ndani?

Mhesabu wa Katuba

Ninyi wote mnaongea sauti. Mimi niko mhesabu miaka kumi na tisa, acheni niseme jambo la karatasi.

Tukikaribia tarehe 15 meza yangu ina mafungu kumi na moja. Faktura zilizolinganishwa na benki kushoto, zisizolinganishwa kulia, na katikati ile moja inayonitesa, nimeiwekea kalamu juu ili kesho nianzie hapo. Kichwa changu njo ile meza. Ukiniambia jioni niiondoe sababu kesho atakaa mwingine, umenifuta. Yule mama anayefika saa kumi na mbili hatafuti prizi peke yake, anatafuta pale alipoishia jana.

Kwa hiyo mwenye simu ahame apendavyo, kazi yake iko mfukoni. Mwenye karatasi umwache, umpe na ufunguo. Na tafadhali, sahani za bukari zibaki jikoni!

Mama wa Dosie

Narudi baada ya mwezi. Aksanti sana, ba papa na ba yaya.

Redio nilijaribu. Chumba kimoja tulishika kila neno, na kweli chini ya mlango kidole kilipita. Mpira umewekwa. Humo wamekaa wahesabu wawili, kila mmoja na meza yake na ufunguo. Prizi mbili za betri ni zao. Siku ya kwanza yule mama aliingia, akatandaza mafungu yake, akafunga mlango, hatukumwona mpaka saa sita. Siku hizi anafika saa mbili kama watu wote.

Mchoraji na mtafsiri wako chumba cha pili. Nusu ya meza ndefu imebaki saloni kwa yeyote, nusu nyingine iko barza na watu wa malori. Toka tarehe 8 mpaka 15 mashine ya kuprinti inahamia jikoni, maana inalia kama mbuzi. Na wateja wetu wa Kinshasa, ambao saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, wanapiga wakati sisi tunafunga. Wawili wanaanza kazi saa nne na kubaki jioni kuwapokea. Kwa hiyo viti vilivyokosa vimepatikana bila kununua kitu.

Shida mpya: barza ina masikio. Mteja aliyekuwa anangoja chini ya mwembe alisikia bei tuliyompa mteja mwingine, akaingia na ile bei mdomoni. Siku hizi pesa inasemwa jikoni, umesimama karibu na sufuria. Nashangaa, maongezi yamekuwa mafupi.

Inabaki mvua. Mwezi wa kumi na moja itapiga juu ya mabati, watu wa malori hawatasikia dereva wala yeye hatawasikia, na maji yanaingia barza toka upande wa mwembe. Nimepima: mita 7 na sentimita 20 kwa mita 2. Fundi Randa, turubai la kukunja juu unaweza? Na lile kelele la mabati tulifanyie nini?