Naomba ushauri: kazi ya mitumba soko la Memorial niiandikeje kwenye maombi ya chuo?

Habari zenu wakuu. Nipo Moshi, nimemaliza kidato cha sita, naomba vyuo vya Marekani kupitia Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi). Kwenye sehemu ya shughuli unapewa nafasi 10, na maelezo ya kila moja yasizidi herufi 150. Wanataka pia saa kwa wiki na wiki kwa mwaka.

Wenzangu wana midahalo na skauti. Mimi tangu kidato cha tatu, Jumamosi na likizo, niko Memorial kwenye meza ya mjomba: kufungua belo, kuchambua gredi ya kwanza na ya pili, kupanga bei, jioni kujumlisha mauzo kwenye daftari. Malipo hayakuwa na kiwango, siku nyingine nauli na chakula tu (mjomba ni mjomba).

Sasa niiweke kama kazi ya kulipwa au majukumu ya familia? Na saa nizikadirieje, wakati likizo nilishinda huko kutwa na shule ikifunguliwa ni Jumamosi tu? Mwalimu mmoja kaniambia niiache kabisa, eti inanishusha. Sikubaliani naye. Aliyewahi kupita njia hii anisaidie, hata kwa sentensi moja ya mfano.