Naomba ushauri: kuhamisha karatasi za kale za ukutani zenye mandhari

MamaTatu
Wakuu, habari zenu. Nyumba ya marehemu shangazi yangu inabomolewa baada ya miezi miwili. Sebuleni kuna karatasi za ukutani za zamani sana. Si zile za maua yanayojirudia, hizi ni picha moja inazunguka chumba kizima: mto, mashua, vilima, watu na kofia zao. Wazee wa familia wanasema zilitoka Ufaransa, kwa Zuber, kiwanda cha karatasi za ukutani. Nataka nizihamishie kwangu.

Juzi nilichukua sponji yenye maji nifute vumbi kidogo pembeni. Sponji ikarudi ya bluu, ukutani likabaki baka jeupe la upana wa kiganja, hapo palipokuwa na anga. Sijagusa tena. Je, zinabanduka? Halafu ukuta wangu mpya ni mfupi kwa futi moja na nusu, nifanyeje?

Kipande
Pole dada. Kodi mashine ya mvuke, zinatoka kama ganda la ndizi. Mimi nilibandua chumba kizima asubuhi moja.

FundiMzee
@Kipande, wewe ulibandua karatasi za kutupa. MamaTatu, usimsikilize. Karatasi hizo zilichapwa kwa mkono kwa vibao vya mbao, kila rangi na kibao chake, na rangi yenyewe ilichanganywa na gundi ya wanyama. Gundi hiyo huyeyuka kwa maji, sembuse mvuke! Picha ya Zuber ya mandhari ya Amerika Kaskazini, ya mwaka 1834, ilihitaji vibao 1,690 na rangi 223. Sponji yako imefuta kazi ya vibao kadhaa mara moja.

Ila kuhamisha kunawezekana. Picha hiyo hiyo ya 1834 iko Ikulu ya Marekani, chumba cha kupokelea mabalozi. Iliwekwa huko mwaka 1961, enzi za Jacqueline Kennedy, baada ya kuokolewa kwenye nyumba ya Maryland iliyokuwa ikibomolewa. Kama yako tu.

Kabla ya chochote: gonga ukuta kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Panasikikaje?

MamaTatu
Asante mzee. Nimegonga. Pembeni pagumu, katikati panalia kama ngoma. Ni mbaya?

FundiMzee
Hapana, hiyo inaweza kuwa bahati yako. Zamani wengi walibandika karatasi juu ya kitambaa, kitambaa kikapigiliwa kwenye fremu ya mbao. Angalia nyuma ya ubao wa chini, ule unaozunguka ukuta usawa wa sakafu, kama kuna vichwa vya misumari midogo. Vikiwepo, unang'oa misumari na picha inatoka na mgongo wake, bila maji. Lakini mlio huo unaweza pia kuwa plasta imeachana na ukuta. Usivute mpaka uhakikishe.

Ua_la_Jangwani
Naongezea: vaa barakoa na glavu. Rangi za kijani za karne ya 19 mara nyingi zilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Usipige msasa, usifagie kwa ufagio mkavu. Watoto wakae mbali, na hata paka.

Kipande
Haya nimenyamaza 😅

FundiMzee
Kabla ya kung'oa piga picha kila kipande, ukipe namba kwa nyuma, na uchore mpangilio wa chumba. Vilima vinafanana ukishavitenganisha. Ukiviringisha vipande kwa usafiri, tumia bomba nene, upande wa picha ukiwa nje, maana ukiwa ndani rangi inabanwa na kupasuka.

Kuhusu urefu: wachapaji waliacha anga tupu juu kwa makusudi ili mtu apunguze kulingana na chumba chake. Hata hivyo mimi nisingekata. Kunja anga nyuma ya fremu mpya, kama kitambaa kitakubali. Kisipokubali, ndipo uzungumze na mhifadhi wa karatasi, yaani mtaalamu wa kutunza na kukarabati karatasi za kale. Baka lako ni kazi yake pia. Wewe usilipake rangi ya dukani!

Na kwako usibandike moja kwa moja ukutani. Weka kwenye fremu zinazoweza kuondolewa, mbali na ukuta wa nje wenye unyevu, na jua lisipige hapo.

MamaTatu
Mrejesho: nimetoa ubao wa chini upande wa mlango. Misumari ipo, imeota kutu, na nyuma yake ni turubai ya kahawia! Kwenye ukingo wa turubai mtu ameandika kwa penseli "4". Jumamosi naanza na huo ukuta mmoja tu. Mhifadhi anakuja Ijumaa kuliangalia baka.

Ua_la_Jangwani
Basi usizipe namba zako. Fuata za huyo aliyekutangulia.