Mrejesho: taji zilizokataa kukaa

Wakuu, nilileta kilio kwamba taji zangu za meno za zirkonia (kauri ngumu) zinaning'inia juu ya modeli ya meno badala ya kukaa sawasawa, nikailaumu skana inayopima umbo la meno kwa kuwa haitoki kampuni moja na mashine ya kuchonga. Skana nimeionea bure. Faili la STL, lile la umbo linalotoka kwenye skana, ni pembetatu tupu, halibebi rangi wala kizio cha kipimo, ila umbo lilifika salama. Namba ya kiasi zirkonia inavyosinyaa ikichomwa tanuruni, kama mlivyoniambia, nikailinganisha na iliyoandikwa kwenye bloku ninayochonga: sawa. Kumbe kwenye programu ya usanifu niliandika kichongeo cha milimita 0.6, na mashine inatumia cha 1.0! Kichongeo kinene hakikuingia kwenye pembe nyembamba za ndani ya taji, zikabaki na zirkonia ya ziada. Nimerekebisha, na taji ya leo asubuhi imekaa bila kusuguliwa.