Tupeane uzoefu: unauguza mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau Moshi au Arusha? Ulipita njia gani?

Wakuu, habari za usiku. Naandika saa saba, nimeweka kiti mlangoni, maana mama akiamka saa hizi anataka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe tuliwauza 2016. Tuko Pasua, Moshi, nilimshusha kutoka Kibosho baada ya jirani kumkuta anakoka moto chumbani.

Ana miaka 78. Ilianza kwa kuuliza kitu kimoja mara kumi, sisi tukawa tunacheka. Ikafuata kuficha hela ya kahawa kisha kutuita wezi. Zahanati wakasema uzee. Kituo cha afya wakapima presha, wakatoa vitamini. Hospitali ya tatu ndiyo iliyotamka neno demensia, miaka miwili na nusu imeshapita. Daktari alikuwa mpole, sina kinyongo naye. Alitaja ugonjwa, akaandika dawa, akaita mgonjwa mwingine. Sikuambiwa usiku utakuwaje. Sikuambiwa nimjibu nini akiuliza baba mbona harudi, na baba tulimzika 2009.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Siku hiyo aliulizwa kwa Kiswahili: leo siku gani, hapa ni wapi, mia toa saba. Mama Kiswahili kinamtoka, amebaki na Kikibosho, Kichaga cha kwetu, cha utotoni. Alijibu kwa Kikibosho, na mengine alipatia! Kwenye faili nikakuta: "hatoi ushirikiano".

Pole nimeshapewa za kutosha. Nataka kujua wenzangu mlipita wapi.

---

Kijana wa Ngaramtoni

Dada, mzee wangu aliendesha mabasi miaka thelathini. Sasa kila asubuhi anavaa koti, anakwenda stendi ya Arusha, anasema amechelewa safari ya Tanga. Mara ya kwanza tulimtafuta siku nzima, tukatangaza hadi kanisani. Polisi walituuliza kama ana ugonjwa wa akili, tukashindwa la kusema, maana hata sisi hatukuwa tumeambiwa.

Waliotuokoa ni makondakta. Wanamjua. Akifika wanampa chai, wanamwambia "mzee, gari lako bado liko gereji", wananipigia, bodaboda anamrudisha. Nimeshona namba yangu ndani ya koti lake. Huo ndio mfumo wa afya nilio nao mimi.

Tahadhari moja. Alipoanza kukesha, hospitali moja walimpa haloperidol ya kumtuliza. Akatulia kweli, halafu akakakamaa kama gogo, mate yanamtoka, kutembea hawezi. Tarehe ya kurudi ilikuwa baada ya miezi mitatu! Namba ya kupiga hatukupewa. Niliikatisha mwenyewe kwa woga, na hadi leo sijui kama nilikosea.

---

Neema ya Bwana

Mpelekeni kwa mtumishi. Haya mambo yana mizizi kwenye ukoo.

---

Mkwe wa Marangu

Tulishapeleka, mpendwa. Mara nne, na sadaka juu. Mama mkwe akamsahau na mchungaji.

Mimi nina la watoto wake walioko Dar. Mwaka mzima niko naye peke yangu: kumwogesha, kumlisha, kubadilisha pampasi. Desemba wanapanda na magari, mama anaoga, anavaa kitenge kipya, anawasalimia vizuri, anaimba wimbo wa kanisani mwanzo mwisho. Basi: "Mbona mama mzima? Shemeji unamchosha tu." Tarehe 2 Januari wameshaondoka, usiku ule ule mama ananipiga na mwiko ananiambia nitoke nyumbani kwake.

Mwaka juzi kabla hawajafika, nilimrekodi kwenye simu siku tatu, usiku na mchana. Nikaiwasha video kwenye kikao cha ukoo. Kimya. Baada ya hapo ndipo walipoanza kuchangia dada wa kunisaidia.

Halafu kihamba, yaani shamba la ukoo, wakuu! Angalieni sana hilo. Mzee wa jirani yetu aliweka dole gumba kwenye karatasi, kumbe kauza nusu ya shamba la migomba, mashahidi wapo na mhuri upo. Alipoulizwa alisema alikuwa anapokea mbolea ya ruzuku. Kesi bado iko baraza la ardhi, na kinachotafutwa ni cheti cha daktari kuonyesha kwamba wakati ule akili zake hazikuwa sawa. Hakuna, kwa sababu zahanati waliandika "uzee".

---

Nesi mstaafu

Nimesoma yote. Niongeze machache kama mtu niliyekaa wodini miaka mingi.

Kwanza, hili la lugha na shule si la mama yako peke yake. Mwaka 2010 wilayani Hai, hapo kwetu, watafiti walihesabu wazee wa miaka 70 na kuendelea, demensia ikaonekana kwa takribani asilimia 6.4. Vipimo vya kizungu vya kusoma na kuandika vinamwonea bibi ambaye hakukaa darasani. Ndiyo maana huku huku Kilimanjaro kikatengenezwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA: mzee anapanga njiti za kiberiti kwa kuiga umbo, anataja wanyama kadiri anavyoweza kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno. Ukirudi kliniki, omba kwa heshima aulizwe kwa Kichaga, wewe ukae pembeni utafsiri bila kumsaidia jibu.

Pili, kabla ya kukubali kwamba ni demensia tu, ulizeni kama amepimwa damu, tezi ya shingo (thyroid), vitamini B12, kaswende, VVU na mkojo. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hiyo mara nyingi ni maambukizi au dawa, mkimbizeni. Na bebeni dawa ZOTE kwenye mfuko, hata za duka la pembeni. Piriton (ya mafua na mzio) na amitriptyline (ya sonona na maumivu ya neva) zinawavuruga wazee akili vibaya, na watu wanapewa kama peremende.

Kijana wa Ngaramtoni, hizo za kutuliza zina nafasi yake, lakini kwa mwenye demensia zinaongeza hatari ya kuanguka, hata ya kufa. Dozi iwe ndogo, muda uwe mfupi, afuatiliwe kwa karibu. Miezi mitatu si ufuatiliaji.

---

Fundi Kijenge

Kuhusu matibabu ya bure ya wazee: sera ya taifa ya wazee ya 2003 ilisema wazee wasio na uwezo watibiwe bure, na dirisha lao lipo. Kumwona daktari hatulipi kweli. Ukifika famasi unaambiwa hiyo hakuna, kanunue nje. Pampasi ndiyo usiseme, hakuna dirisha la pampasi.

---

Nimerudi, wakuu, mimi wa Pasua niliyeanzisha mada. Nilifanya kama alivyosema Nesi, nikabeba mfuko mzima. Kulikuwa na piriton, mama alikuwa anameza kila usiku, kumbe alipewa na mwenye duka ili alale! Daktari ameiondoa. Wiki ya pili sasa, usiku anaamka mara moja badala ya nne. Bado hanijui jina, ananiita kwa jina la dada yake marehemu, nami naitika.

Kichaga wamekubali, ila daktari wa zamu hakijui, akaitwa mama wa usafi. Mama alimtajia wanyama kumi na mmoja.

Sasa nina shida ya mchana, likizo yangu inaisha Ijumaa. Wa Pasua, Soweto au Majengo, nani anamfahamu mama mtu mzima wa kushinda na mgonjwa? Nalipa kwa wiki. Asiwe binti mdogo, na awe anajua Kikibosho.