Naomba ushauri: wazee wetu wanasomeka kama hawajazaliwa

Habari zenu ndugu. Niko Mbale, nahamisha daftari za wanachama wa SACCO moja ya wakulima wa kahawa kwenda kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Makarani wa zamani waliandika mwaka kwa tarakimu mbili: 12/03/48, 05/07/71.

Nikitumia to_date (amri ya kugeuza maandishi kuwa tarehe) na muundo wa DD/MM/YY, yaani siku, mwezi na mwaka wa tarakimu mbili, 71 inakuwa 1971, sawa kabisa. Lakini 48 inakuwa 2048! Nimesoma kwamba PostgreSQL huchagua mwaka ulio karibu zaidi na 2020, kwa hiyo 70 hadi 99 huenda miaka ya 1900, na 00 hadi 69 huenda 2000. Nikaweka YYYY (mwaka wa tarakimu nne), mambo yakaharibika zaidi: nikapata mwaka 0048. Hata RR, muundo wa mwaka wa tarakimu mbili wa hifadhidata ya Oracle, isingeniokoa, maana mpaka wake ni 50: 48 ingebaki 2048.

Nimefikiria kuondoa miaka 100 kwa kila tarehe ya kuzaliwa iliyo mbele ya leo. Hiyo inawaponya wa 48 na wa 62. Shida ni kwamba tuna akaunti za watoto pia. Mtu mwenye 19 ni bibi wa 1919 au mtoto wa 2019? Mfumo hauwezi kujua, na mafao ya uzeeni yanategemea umri huo. Sitaki mzee anyimwe haki yake.

Je, nitumie tarehe ya kujiunga kuamua karne? Na mistari kama "197", iliyokosa tarakimu moja, niitenge ikakaguliwe kwa mkono? Aliyewahi kupitia haya anisaidie tafadhali.